Mambo Niliyowaambia Wanakwaya wa Katumba

Kwa kila kundi ninalolipokea mpakani Mugina likitoka Tanzania, hotuba yangu ni ile ile, na siitoi kwa kubembeleza. Nasimama mbele ndani ya kosta, nashika kiti cha dereva, naanza. Usipige picha askari, polisi, daraja wala kizuizi cha barabarani, hata kama ziwa nyuma yake linapendeza namna gani. Pesa utabadilisha pale nitakapokuonyesha mimi. Ukikaribishwa kinywaji, chupa ifunguliwe mbele ya macho yako, na mwenyeji akionja kwanza usidhani ana uroho, anakuonyesha kwamba hakukuwekea kitu. Jumamosi asubuhi magari hayatembei mpaka watu wamalize kazi za jumuiya. Jua likizama usiende kuosha miguu ziwani, maana maji yamepanda mpaka kwenye nyumba za watu, na viboko wamepanda nayo. Na usimuulize mtu kabila lake. Hapo huwa nawatazama mmoja mmoja, ili liwaingie.

Naitwa Warda. Babu yangu alivuka ziwa kutoka Kongo zamani za Wabelgiji, akafungua duka la vitambaa Rumonge, na sisi wajukuu tupo mpaka leo. Mimi nauza mawese sokoni, na makundi ya wageni yakija napokea. Wamepita mikononi mwangu walimu wa Kigoma, Wazungu wa baiskeli, akina mama wa Maulidi kutoka Ujiji ambao walinikera kwa siku zote walizokaa. Hakuna aliyerudi kwao hata na mkwaruzo. Nilikuwa najisifu kwa hilo, na watu wa soko walikuwa wamechoka kunisikiliza.

Kwaya hii ilitoka Katumba, kule Mpanda ndani, ambako babu na bibi zao walipokelewa kama wakimbizi mwaka wa sabini na mbili. Wao wenyewe sasa ni Watanzania, wana pasi za Tanzania, na wanaongea Kiswahili cha kunyooka mpaka unaona aibu kufungua mdomo. Walikuwa vijana watupu, wanacheka kila kitu, wanacheka hata mbuzi akivuka barabara. Kiongozi wao alikuwa Jovita, binti mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mzee alikuwa mmoja tu, Lameki, babu yake Jovita, mwimbaji wa besi. Wenzake waliweka mizigo juu ya gari. Yeye alipakata joho lake la kwaya, limekunjwa likawa furushi, na hakutaka mtu alishike.

Kutoka Nyanza-Lac vijana wote walijazana madirisha ya kushoto kutazama ziwa. Lameki alikaa kulia, anatazama milima na michikichi. Nilimwona akisogeza midomo. Tulipokaribia Rumonge aliniita kwa adabu.

"Mama Warda, hivi huku mashamba ya watu waliokimbia, walikuja kupewa nani?"

Dereva aligeuka kunitazama.

"Muzee wangu, hiyo swali hapana uliza hapa," nikamwambia. "Si kwenye gari, si kwenye soko, si kanisani. Umenisikia?"

"Nimekusikia," akasema, akarudi kwenye dirisha lake.

Nieleze kidogo, kwa sababu mgeni hawezi kulijua hili kwa kutazama. Watu walipokimbia mauaji ya mwaka ule wa sabini na mbili, mashamba hayakubaki matupu. Wengine waliingia, wengine walinunua kwa waliokuwa wameingia, wakazaa, wakazika. Miaka ikapita, wenyewe wa kwanza wakaanza kurudi. Kuna mashamba yaliyogawanywa katikati kwa kamba, kuna ndugu wasiosalimiana kwa ajili ya mfereji, kuna nyumba zilizoungua. Rumonge ukitaka kumwona mtu mpole akibadilika sura, muulize mchikichi ule ni wa nani. Kwa hiyo nilianza kumwogopa yule mzee tangu garini. Nilimwogopa kama unavyoogopa jiko la mafuta linalovuja, unalizunguka, hulipi mgongo.

Siku ya Jumamosi ndiyo nilikuwa nimepanga kuwapeleka kwenye mtambo wa kukamua mawese, juu kidogo ya mji. Kila kundi nalipeleka pale. Magari yalikuwa yamezuiliwa, na hata yasingezuiliwa, mafuta hatukuwa nayo, dereva alikuwa amelala kwenye foleni ya stesheni ya mafuta. Ruhusa ya kutembea na wageni nilikuwa nayo, nikasema twende kwa miguu. Njiani tulikutana na watu wakichimba mitaro na kufyeka kando ya barabara, jembe na panga mkononi, nusu wanafanya kazi na nusu wanapiga hadithi. Tuliwaambia amahoro, wakatujibu amahoro. Vijana waliwaimbia wimbo, watu wakapiga makofi. Asubuhi ilikuwa njema na mimi nikalegea.

Kwenye mtambo niliwaonyesha mapipa yanavyochemsha ngazi, yale matunda ya mchikichi, watu wanavyozungusha mashine, mafuta yanavyotoka mekundu. Jovita alitaka kuonja, akaungua ulimi, wenzake wakamcheka. Mimi nami nikacheka. Halafu nikatazama vichwa kama kawaida yangu, na kichwa cheupe hakikuwapo.

"Babu yako iko wapi?"

"Amekwenda kujisaidia, mama," Jovita akasema. "Muda kidogo."

"Na furushi lake?"

Akanitazama kama mtu aliyekamatwa. "Kaenda nalo. Mama Warda, usikasirike. Ni mche tu, kaufunga ndani ya joho. Mche wa mchikichi, alinunua Kigoma. Sisi kila tunakokwenda kuimba tunapanda mti wa kumbukumbu, ndiyo desturi yetu kule."

Hapo ndipo nilipopata baridi, na jua lilikuwa linawaka. Niliwaambia hawa watu kila kitu. Niliwaambia habari za chupa na viboko. Nani angefikiria kumwambia mgeni asipande mti? Lakini kwetu, mtu akikuazima shamba utapanda maharage, utapanda viazi, utapanda hata muhogo ukimwomba vizuri. Mti hupandi. Maharage utavuna utaondoka, ila mti ni wa mtu anayekaa. Mtoto wa hapa anajua hilo kabla hajajua kufunga vifungo. Watu wa Katumba walipewa pori wakaambiwa pandeni mtakacho, wangejulia wapi?

Sijamaliza kumkaripia Jovita, induru ikapigwa.

Anayeijua induru haichanganyi na kelele nyingine. Mwanamke mmoja anaanza kwa sauti nyembamba, ndefu, wa kilima cha pili anaipokea, wa tatu anaipokea, na kila anayeisikia anaacha anachofanya na kukimbilia inakotokea. Wakati mwingine watu huacha vitu chini. Asubuhi ile walikuwa wanatoka kazi za jumuiya, kila mmoja na panga lake, na hakuna aliyeliacha chini.

Nilikimbia. Mimi ni mwanamke mnene na sikimbii kwa ajili ya mtu, lakini siku hiyo nilikimbia kati ya michikichi, kanga inafunguka, Jovita nyuma yangu analia "babu, babu". Tulimkuta chini ya jiwe kubwa lililotoka ardhini, amepiga magoti. Mche ulikuwa umeshasimama udongoni, mbichi, na yeye alikuwa anaumwagilia maji ya chupa ya kunywa, taratibu, hana habari na dunia. Mbele yake alisimama mama mmoja na jembe juu ya bega. Namjua, anaitwa Marcelina, ni mjane, huniletea ngazi sokoni. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na induru ilikuwa inamtoka bila yeye kuiendesha.

"Marcelina, dada yangu, tulia," nikasema. "Huyu muzee iko mugeni wangu. Hajui kitu."

"Anajua," Marcelina akasema. "Alikuja moja kwa moja mpaka kwa jiwe. Hakuuliza njia."

Watu walikuwa wanafika. Wanakuja kimya, na hicho ndicho kilichonitisha zaidi, maana mtu anayetukana bado ana muda. Walifunga njia ya kushukia, wakafunga na ya juu. Nyuma nilisikia wengine wamewazunguka vijana wetu kwenye mtambo, na zile sauti zilizokuwa zinacheka sasa zilikuwa zinaita majina ya wenzao. Niliogopa. Sioni haya kusema.

Aliyesogea mbele ni Melkiades, nyumbakumi wa pale, mtu mrefu asiyependa maneno. Aliutazama mche, akamtazama mzee, akanitazama mimi.

"Nani alimupa ruhusa ya kupanda?"

"Hakuna," nikasema. "Iko makosa. Wako kwaya, wanaimba tu, kesho kutwa wanarudi kwao."

"Mutu anapanda muti kwake. Huyu anasema kwake iko hapa?"

Marcelina ndiye aliyejibu, na hakuwa anamjibu yeye. Alikuwa anatuambia sote. "Walianza vile vile. Mara ya kwanza alikuja muzee moja na fimbo yake, anasema anataka kusalimia kaburi tu. Nikamupa kiti. Nikamupa maji. Mwaka haukuisha, wakakuja na kamba wakakata shamba katikati, michikichi yote ya chini ikaenda. Bwana yangu akaanguka presha, akakufa. Hii nusu yenye imebaki ndiyo inalisha watoto wangu. Sasa naye anakuja na muti."

Mngurumo ulipita katikati ya watu. Jiwe lilitoka nyuma, sikumwona aliyelirusha, likampiga Lameki juu ya jicho. Jovita alipiga ukelele, wanaume wawili wakamshika mikono. Mzee hakulia. Aliweka kiganja pale palipopasuka, damu ikapita katikati ya vidole, ikadondoka kwenye udongo aliokuwa ameumwagilia.

Nilijirusha chini karibu naye, kana kwamba namfuta damu, nikamsogezea mdomo sikioni.

"Hapa pana nani?"

"Baba yangu," akasema kwa sauti ya chini, ile sauti ya besi ambayo haikujua kuwa ndogo. "Chini ya jiwe. Mama alimfukia kwa jembe lililovunjika mpini, mimi nimeshika nguo yake. Sidai shamba, Mama Warda. Sihitaji hata mchikichi mmoja. Nimekuja kumwekea kivuli tu."

Nilimwamini, na kumwamini kulinizidishia hofu. Kwenye kesi za mashamba hakuna shahidi anayelishinda kaburi. Mtu akionyesha kaburi la baba yake, ameonyesha shamba la baba yake. Angetamka maneno yale kwa sauti, hata angeyatamka kwa machozi na kwa kuapa kwamba hataki kitu, wale watu wasingesikia kilio. Wangesikia mwanzo wa kamba nyingine. Na Jovita alikuwa mikononi mwao, na vijana wote walikuwa chini kwenye mtambo, na gari halina mafuta.

"Sikiliza," nikamwambia. "Utasimama. Utasema mbele ya wote kwamba hii shamba iko ya Marcelina. Utasema wewe hauna kitu hapa na hauna mutu hapa. Muti unamupa yeye zawadi, kwa sababu kwenu mugeni anapandia mwenyeji. Utasema hivyo hivyo."

"Siwezi kusema sina mtu hapa. Yuko chini ya magoti yangu, mwanangu."

"Tazama Jovita."

Alitazama. Mmoja wa wale waliomshika alikuwa amehamishia panga mkono wa kulia. Sijui alitaka kufanya nini, labda alichoka tu mkono wa kushoto, lakini mimi na mzee tuliona jambo moja. Lameki akanishika bega, akajiinua.

Mimi ndiye niliyeanza. Niliongea Kirundi, niliongea Kiswahili, niliapa kwa Mungu, nilimtaja babu yangu na duka lake la vitambaa. Nilisema huyu mzee anatoka mbali, kwamba kwao mgeni akifurahia shamba la mtu anampandia mti wa heshima, na kwamba alikuja mpaka hapa kwa kuwa jiwe linaonekana tangu kwenye mtambo. Uongo ulikuwa unanitoka vizuri mpaka nikajishangaa. Nilipomaliza, Melkiades hakunitazama hata kidogo.

"Aseme mwenyewe."

Lameki aliondoa mkono usoni. Damu ilikuwa imemfikia kwenye ndevu.

"Shamba hili ni la mama huyu," akasema. "Mti nimempa yeye. Kama hautaki, aung'oe. Mimi sina kitu hapa." Akamtazama Jovita. "Wala sina mtu."

"Rudia," Melkiades akasema.

Akarudia. Safari hii sauti yake haikuwa na besi tena, ilikuwa sauti ya mzee yeyote.

Watu walitazamana. Hakuna aliyesema yameisha, ila nilisikia jembe moja likishushwa chini, halafu jingine. Waliomshika Jovita wakamwachia, akaja kumkumbatia babu yake kiunoni kama mtoto mdogo. Melkiades aliwaambia wote waliopo wakumbuke walichosikia, maana wao ndio mashahidi. Akaniambia nisipite tena na wageni wangu kwenye njia ile. Nikasema murakoze, asante. Nilisema murakoze mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Tulikuwa tumekwisha kugeuka Marcelina alipomwita.

"Muzee."

Alikuwa ameshusha jembe begani. Kutetemeka kumemwisha, na sura yake imerudi kuwa ile ninayoijua mimi, ya mwanamke anayeleta ngazi sokoni na kugombana na mimi kidogo juu ya bei. Alisogea mpaka karibu na jiwe. Watu wote walikuwa bado wamesimama.

"Hapa kuna mutu amelala," akasema taratibu. "Bwana yangu aliona mifupa siku ya kwanza alipolima, akafunika. Tangu siku hiyo hatukugusa hapa na jembe, tunalima kandokando. Nilisema, labda iko siku mutu wake atakuja, anitajie jina, nami niliingize kwa sala zangu. Nilikuwa namungojea na kumuogopa pamoja." Alimtazama Lameki usoni. "Basi nakuuliza mbele ya Mungu. Iko wako?"

Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa wema au mtego. Nadhani ulikuwa wema. Lakini Melkiades alikuwa ameinua kichwa, na watu waliokuwa wanaondoka walisimama, na mikono iliyoshika mapanga ikatulia. Lameki alinitazama mimi, akitaka nimwambie la kufanya. Mimi niliyekuwa na maneno ya kutosha kujaza kosta nzima niliinamisha macho kwenye ule mche.

Jovita alikuwa bado amemshika kiunoni. Mzee aliweka mkono juu ya kichwa chake.

"Hapana, mama," akasema. "Simjui."

Marcelina akashusha pumzi, na nikaona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyetua mzigo wa miaka.

"Murakoze," akasema. "Sasa naweza kulala. Kama hana mutu, basi na hii sehemu ni shamba."

Melkiades alitupisha. Nilimshika mzee mkono mmoja, Jovita akamshika mwingine, tukaanza kushuka kuelekea kwenye mtambo, ambako vijana wa kwaya walikuwa wamesimama wamekumbatiana bila kuimba. Hatukuwa tumefika mbali tuliposikia jembe la Marcelina likiingia ardhini nyuma yetu, chini ya jiwe. Lameki alisimama. Nilimvuta mkono, nikamwambia asigeuke, na hakugeuka.